Mbwa mwekundu aitwe nani?

Ndugu yangu wa Uyole, umesema kijibwa chako kina manyoya mekundu kama udongo na watoto wanang'ang'ania aitwe Simba. Usikubali. Ukiita Simba jioni hapo mtaani watakuja mbwa wanne, na wa kwako pengine asiwemo. Mimi ningemwita Shaba: silabi mbili tu, sauti inafika hata akiwa kule kwenye viazi, na rangi ndiyo hiyohiyo. Tofali nalo linachekesha, maana matofali ya kuchoma ndiyo nyumba zetu huku, ila ni refu kidogo. Kamata ni zuri mpaka siku mgeni atakapopiga hodi! Jina la jirani usithubutu, hata kwa utani. Ukishachagua, mwite, na akigeuka mpe kipande cha nyama.