Utaelea wapi huko chini?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Ni mhusika gani wa mchezo wa video wa utotoni aliyekufanya uitambue jinsia yako?" Nimelisoma nikapita, nikarudi, afu nikaona hapana, hili lazima nijibu manake limenigusa pabaya.

Mi ni mwanamke transjenda, yaani nilizaliwa nikaitwa mvulana, na nasema wazi, hakuna mhusika aliyenifanya chochote. Lara Croft, yule dada wa gemu ya Tomb Raider, alitoka 1996, wavulana wangapi walikesha naye? Chun-Li, mpiganaji wa kike, yupo toka gemu ya ngumi ya Street Fighter II ya 1991, na kila mtoto wa kiume aliyegundua kwamba ukibonyeza teke haraka haraka miguu yake inageuka feni alimchukua yeye, na leo wengi wao ni akina baba na ndevu zao. Tukianza kupima watu kwa nani alimcheza nani hatufiki popote, na tutawatia wazazi hofu ya bure. Mi ningeuliza hivi: kisingizio chako cha kumchagua kilikuwa nini?

Changu kilikuwa "anaelea".

Nazungumzia Super Mario Bros. 2, ile ya 1988. Mnakumbuka kila steji ikianza unachagua mtu: Mario wa kawaida tu, Luigi anaruka juu mno, Toad mfupi ila ana nguvu anang'oa vitu chapchap, na Princess, binti mfalme, ambaye akiruka ukashikilia kitufe anaelea hewani kidogo, gauni halitikisiki, anapita juu ya shimo kama halipo. Kwa mtoto anayekufa kwenye kila shimo hiyo ni sababu tosha, hata mtu mzima haulizi zaidi. Mi nikaikalia hiyo sababu muda mrefu sana.

Sasa siku hiyo braza na binamu yangu wako nyuma yangu, wao walishaimaliza zamani, wamekaa kusubiri nife niwape pedi ya kuchezea. Nikafika dunia ya pili ya gemu, ya jangwani, kuna mahali lazima uchimbe mchanga kushuka chini, tonge moja moja, na maadui wanakufuata humo humo kwenye shimo ulilochimba. Hapo kila mwenye akili anachukua Toad. Princess akichimba anainama, anavuta, anavuta, ndo anainua, we roho iko juu. Braza akasema chukua Toad hapo. Nikasema namtaka anayeelea. Akaniangalia akasema, "Utaelea wapi huko chini?"

Aisee sikuwa na jibu. Nilimchukua Princess hivo hivo nikachimba naye polepole, nikafa, nikarudia naye, nikafa tena, binamu anagonga kochi kwa hasira maana zamu yake inachelewa, na mi nakumbuka vizuri kabisa kwamba sikuwa najaribu kushinda, nilikuwa sitaki tu kwenda huko chini nikiwa mtu mwingine.

Afu mbaya zaidi ilikuja mwisho. Jitu lenyewe linaitwa Wart, linakufa kwa kurushiwa mboga mdomoni, nikaliua, nikaruka kwa furaha, kumbe gemu ile ukimaliza inaleta orodha, inaonyesha kila mhusika amemaliza steji ngapi. Mario sifuri. Toad sifuri. Luigi sifuri. Princess zote. Hata zile za mchanga zimo. Binamu akacheka, "Yaani hata mara moja hukutaka kuwa mwanaume?" Alikuwa anatania, najua. Nikasema anaelea bwana, nikazima TV. Braza akasema mwache, kamaliza si kamaliza. Kwahiyo ile sehemu ya mwisho ambapo Mario yuko kitandani na kumbe yote ilikuwa ndoto yake, niliijua ukubwani.

Ukubwani pia ndo nikajua kwamba gemu ile ilitengenezwa juu ya nyingine ya Japani ya 1987, Doki Doki Panic, na Luigi alikaa kwenye nafasi ya mhusika anayeitwa Mama. Binamu yangu shabiki wa Luigi, habari ndo hiyo. Na yule adui anayeitwa Birdo, anayetema mayai, kitabu cha maelekezo kilimwandika kwa kejeli kwamba anajiona ni msichana na angependa aitwe Birdetta. Kaseti yetu haikuja na kitabu, sikusoma, nikawa nadaka mayai yake namrudishia kichwani kila nikimkuta. Sijui ningejisikiaje kama ningesoma.

Miaka imepita nikakutana na gemu ya Pokémon Crystal, ya kwanza kwenye mfululizo wa Pokémon kukuuliza kabisa wewe ni mvulana au msichana. Nipo peke yangu chumbani, hakuna braza, hakuna binamu. Nikabonyeza mvulana, fasta. Ndo maana swali lenu linanisumbua, ukiniuliza usoni nilikuwa nadanganya, ukiniachia kisingizio nasema ukweli.

Hapa nilitaka kumaliza, ila kuna kitu kinanivuruga. Maddy Thorson, aliyeongoza kutengeneza gemu ya Celeste ya 2018, aliandika mwaka 2020 kwamba ndiyo, Madeline yule mpanda mlima ni transjenda, na kwamba wakati wanaitengeneza yeye mwenyewe alikuwa bado hajajijua. Sa kama mtu anaweza kumtengeneza mhusika kabla ya kujijua, mi kusema kwamba Princess hakuwa na mchango wowote naona nakaza shingo tu. Kuna kitu nilikuwa naambiwa pale kwenye mchanga, au nilikuwa najiambia kupitia yeye, sijui nilipange vipi.

Basi andikeni Princess. Ila msiandike kwamba alinifanya, na msiandike kwamba ni kwa sababu anaelea, na kama kuna mzazi ana kijana anayependa kucheza na mhusika wa kike amwache amalize steji, labda ni teke tu analipenda. Kama nafasi ni ndogo kateni ya Lara Croft, ya mchanga iacheni.