Presha ya mimba haiishii leba

Dada uliyesema presha ikishuka ukishajifungua basi imekwisha: la, si hivyo. Aliyepata kifafa cha mimba, au hata dalili zake za mwanzo tu (presha juu na protini kwenye mkojo), hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele ni kama mara 2 ya mwenzake aliyebeba mimba bila presha. Moyo kushindwa kusukuma damu, karibu mara 4. Shirika la Moyo la Marekani limeihesabu presha hii ya mimba miongoni mwa vihatarishi vya moyo tangu 2011.

Mimi ni nesi huku Likoni, Mombasa. Juzi kaja mama wa miaka 41, kichwa chamgonga, aapa hajawahi kuwa na presha. Kufungua kitabu cha kliniki cha mwanawe, jalada lishabanduka: presha yake ya mimba hiyo 160/110, imezungushiwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemwambia arudi kupima.

Basi pima presha wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka hata kama huumwi, na sukari na mafuta ya damu pia. Daktari mpya mwambie mwenyewe, wengi hawaulizi. Achari na chumvi ya viazi karai punguza (najua, mtihani huo).

Si kila mtu ataugua. Ila aliyezalishwa kabla ya wiki 37 kwa sababu ya presha, au iliyomrudia mimba ya pili, huyo asicheze.