Vasa kuonekana kwa perege dume na jike
Dada, umeuliza kwa nini vasa, jeni ya seli za uzazi, imetokea kwenye gonadi (ovari na korodani) za perege wa bwawa la Hombolo, Dodoma, dume na jike. Si kosa la kipimo. Jeni hiyo inasema seli za uzazi zipo, haisemi jinsia. Kwa jinsia pima jeni nyingine: cyp19a1a ya ovari na dmrt1 au amh ya korodani. Seli-shina za uzazi utaziona kwa jeni ya nanos2, na jeni ya sycp3 ikipanda ujue meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu, imeanza. Jike huanza meiosisi mapema kuliko dume.

Zaidi angalia sampuli, maana RNA, nakala ya jeni unayoipima, haivumilii jua la Dodoma. Palepale bwawani kata vipande visivyozidi nusu sentimita, tumbukiza kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA chenye ujazo mara 5 ya nyama, weka kwenye barafu, laza usiku nyuzi 4, kisha gandisha. Mafuta yaliyoshikamana na gonadi yatoe yote, la sivyo vasa itaonekana imeshuka bure. Endesha pia sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA: ikitoa mstari kwenye jeli, unasoma DNA ya samaki iliyochanganyika, si RNA.

Viinitete vichanga sana viache kwanza. Vasa yake mama aliiweka kwenye yai, hivyo si ya kiinitete chenyewe.