Kombi ya 1974 yenye kitanda ndani, tuichukue?

SWALI: Habari fundi, mimi na mume wangu tuko Hamburg, tumeona Volkswagen Kombi ya 1974 ile iliyotengenezwa ndani na kampuni ya Westfalia, ina kitanda, jiko la gesi na paa la kuinua, rangi inang'aa balaa. Tuichukue au tutajuta? Mama Zuu

JIBU: Mama Zuu, raha ya hiyo gari siyo spidi, mlimani malori yatawapita mpaka mzoee, raha ni kusimama mkainua paa mkachemsha chai yenu. Ila rangi isikudanganye bana! Nenda na sumaku ndogo uifunge kitambaa, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya tairi na pale betri inapokaa, ikikataa kunasa jua hapo ni puti tupu, ule udongo wa kuzibia mashimo, juu ya kutu. Injini isikutishe, iko nyuma, inapozwa na hewa, haina rejeta kabisa na spea zipo kibao. Kutu ndo inamaliza hela. Na kabla hata hujafikiria mapazia badilisha mipira yote ya mafuta, ukipasuka mmoja petroli inamwagikia injini ya moto, gari nyingi za hivi zimeungua kwa hilo tu. Jiko nalo likaguliwe. Halafu Ujerumani gari ikitimiza miaka 30 na haijabadilishwa sana mnaweza kuomba namba ya H, ile pleti ya usajili ya magari ya kale, kodi yake ni ya bei moja, kwa hiyo msing'oe yale makabati ya zamani, yapigeni msasa na vanishi, kazi ya wikiendi hiyo, na wengine wanaipenda kuliko safari yenyewe.