Umeteuliwa kwenye bodi ya shirika? Anza na yatokanayo

Hongera kwa uteuzi. Hapa Dodoma, mtu akistaafu utumishi wa umma na jina lake likiwa safi, hakawii kuombwa ujumbe wa bodi ya shirika lisilo la kiserikali. Wengi hukubali kwa kumheshimu aliyewaomba. Matokeo yake wanakaa kikaoni kama wageni waalikwa, na mgeni haulizi chakula kimepikwaje. Bodi imewekwa ili iulize.

Kabla ya kikao cha kwanza omba katiba ya shirika na taarifa ya mwisho ya mkaguzi wa hesabu. Kwenye katiba tazama akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao, ni wangapi na ukomo wa ujumbe ni miaka mingapi. Makabrasha yakikufikia usiku wa kuamkia kikao, lalamika kikao kinapofunguliwa, na malalamiko yako yaandikwe.

Kikaoni, ajenda ya kuisimamia ni yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa mambo yaliyoagizwa kwenye vikao vilivyopita. Wenzako watataka ipite haraka ili wafike kwenye mradi mpya. Usikubali. Tuseme kikao cha Machi kilimwagiza mhasibu alete mchanganuo wa mafuta ya gari la mradi wa Bahi. Juni imeandikwa "linaendelea", Septemba hivyo hivyo. Uliza: anayelishughulikia ni nani, na atalileta tarehe ngapi? Jibu liingie kwenye muhtasari.

Kwenye fedha, usitishwe na majedwali. Omba kuona stakabadhi za aina mbili tu: kodi ya mishahara, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, huitaka kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi kwa pamoja. Mfadhili akichelewesha fedha, hapo ndipo wakurugenzi wengi hukopa kimyakimya kwenye fedha hizo za kodi na michango. Adhabu zinaanza kujilimbikiza, na ni nadra mfadhili kukubali faini iingizwe kwenye bajeti yake. Halafu uliza kama taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zimeshafika kwa Msajili wa mashirika haya, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 na marekebisho yake ya 2019.

Kazi ngumu kuliko zote ni mwanzilishi. Yeye ndiye aliyezunguka na bahasha la katiba wakati hakuna aliyemwamini, leo ndiye mkurugenzi, na nusu ya bodi ni jamaa zake. Kwetu mtu mzima haulizwi mbele za watu, na sioni ubaya kuuheshimu utaratibu huo: mwone mwenyekiti mapema, amweleze mkurugenzi kwamba swali linakuja, ajiandae. Ila swali lenyewe na jibu lake vibaki kikaoni. Yakiishia sebuleni kwa mtu, bodi haijaamua kitu. Na mgongano wa maslahi ukijitokeza, mathalani zabuni ya shemeji yake, mhusika atangaze na atoke nje wakati wa maamuzi.

Nawe usivuke mpaka. Usimpigie simu ofisa mradi aliyeko Kongwa ukampa maagizo. Mwenye kumwagiza ni mkurugenzi. Habari ya kumtafutia mpwa wako ajira humo hata sitaki kuizungumzia.

Posho si dhambi. Mjumbe anayetoka Mpwapwa kwa basi ana nauli na chakula, na bodi zisizolipa hata nauli huishia kukosa akidi. Kiwango kiandikwe kwenye sera, kisipande kwa sababu mradi mnono umeingia.

Ipo siku dereva wa shirika atakuletea nyumbani karatasi ya mahudhurio ya kikao ambacho hakikukaa, kwa kuwa wakaguzi wanakuja Jumatatu. Mkaribishe maji, mrudishie karatasi bila sahihi, kisha mpigie mwenyekiti aitishe kikao cha kweli, hata kwa njia ya mtandao kama katiba inaruhusu.