Deraya yangu haifanani na chuma, nifanyeje?

Swali: Napaka rangi visanamu vya mashujaa wa hadithi za kubuni, nikishapaka silva deraya (vazi lao la chuma la vita) inang'aa tu kama karatasi ya chokoleti, chuma hakionekani kabisa. Nakosea wapi?

Jibu: Silva peke yake haitoshi, chuma halisi kina giza pia. Anza na praima nyeusi, yaani rangi ya msingi inayotangulia zingine, kisha silva iliyokoza, tabaka mbili nyembamba. Ikikauka chukua rangi nyeusi uichanganye na maji mpaka iwe nyepesi kabisa, iache iingie kwenye maungio na pembeni mwa vichwa vya ribiti (misumari inayounganisha vipande vya chuma), hapo ndo deraya inaanza kuonekana nzito, mi hatua hii naipenda kuliko zote. Halafu silva angavu weka kwenye kingo tu na sehemu za juu zinazopigwa na mwanga, ukiirudia kila mahali utaua kivuli chote. Kutu? Kahawia kidogo kwenye maungio, basi. Vanishi isiyong'aa inaua mng'ao wa chuma, kwa hiyo kwenye deraya tumia inayong'aa kiasi. Na maji ya kuoshea brashi badilisha kabla hujagusa ngozi au nguo, zile chembe za silva zinahamia kwenye kila rangi.