Kuhamishia programu ya stoki kwenye ORM huku duka likiendelea kuuza

Ndugu, umesema una programu ya stoki ya duka la vifaa vya ujenzi: Python, SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) imetapakaa kila faili, hifadhidata ya MySQL ya zamani, na unataka kuingia kwenye Django (mfumo wa Python wa kujenga programu za wavuti, wenye ORM yake, yaani sehemu inayokuwezesha kutumia majedwali kama vitu vya Python bila kuandika SQL) bila kufunga duka. Kazi ya namna hiyo niliifanya hapa Lubumbashi, depo ikiwa komuni ya Kampemba na duka la rejareja komuni ya Kenya (ya hapa mjini, si nchi).

Modeli, yaani maelezo ya majedwali ndani ya Django, ziache kwanza. Ingia MySQL, andika SHOW TABLE STATUS, tazama safu ya Engine. Ukikuta MyISAM, injini ya zamani ya kuhifadhi majedwali, kazi yako kubwa iko hapo. MyISAM inapokea maneno FOREIGN KEY (ufunguo unaofunga jedwali moja na jingine) bila kulalamika, halafu inayatupa. Ndiyo maana ukiendesha inspectdb, amri ya Django inayosoma majedwali na kuandika modeli, majedwali yatakuja hayajuani: bidhaa_id itakuwa namba tupu, wala Django haitajua kwamba inaelekea kwenye jedwali la bidhaa. Tena MyISAM haina miamala, yaani hatua kadhaa zinazokubaliwa zote pamoja au zisikubaliwe kabisa. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, mifuko ya saruji imeshapunguzwa kwenye stoki na fakturi haijaandikwa. Kwa mji wa delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) kama huu, mimi ningehama MyISAM hata kama sina habari na ORM. InnoDB ndiyo injini ya kawaida tangu MySQL 5.5 ya mwaka 2010, ila majedwali ya zamani hayajigeuzi yenyewe.

Basi chukua nakala kwa mysqldump, irudishe kwenye mashine nyingine, na huko ndiko ugeuze: ALTER TABLE mauzo ENGINE=InnoDB. Kisha tafuta mayatima, yaani mauzo yanayotaja bidhaa isiyokuwepo tena. LEFT JOIN yenye WHERE bidhaa.id IS NULL itakuonyesha yote. Kwetu yalikuwa mengi, maana mtu wa kaunta alikuwa akifuta bidhaa kila inapoacha kuuzwa. Hatukufuta mauzo hata moja. Tulitengeneza bidhaa moja iitwayo BIDHAA ILIYOFUTWA, tukayaelekeza huko, na jumla za mwenye duka zikabaki vilevile. Angalia pia aina za safu: INT UNSIGNED upande mmoja na INT ya kawaida upande wa pili, MySQL itakataa kuzifunga pamoja.

Sasa ndiyo uendeshe inspectdb, baada ya kuongeza funguo hizo. Isome faili yote, usiiamini. Bei zilizohifadhiwa kama FLOAT zitakuja FloatField. Baadaye zigeuze ziwe DecimalField, hasa ukiuza kwa dola na franka pamoja, na kila mauzo yahifadhi kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo. Kila modeli itakuja na managed = False. Iondoe kabla ya makemigrations ya kwanza (amri inayoandika migresheni, yaani faili za mabadiliko ya majedwali), la sivyo Django itaendelea kuyaona majedwali hayo kuwa si yake. Halafu migrate --fake-initial, inayohesabu migresheni ya kwanza kuwa imeshafanyika kwa kuwa majedwali yapo tayari. Kumbuka inalinganisha majina ya majedwali tu, haichunguzi kama safu zinafanana. Kwa hiyo acha mabadiliko ya FLOAT yaje kwenye migresheni ya pili. Na kila migresheni iwe na badiliko moja: kwenye MySQL ikikwama katikati, hairudishi ilichokwisha kubadilisha.

Msimbo wa zamani uache uendelee kuuza kwenye hifadhidata ileile, uhamishe skrini moja moja. Sisi tulianza na orodha ya bidhaa kwa sababu inasoma tu. Kaunta ikaja mwisho.

Skrini ikiwa nzito, mara nyingi ORM inauliza hifadhidata upya kwa kila mstari. Mauzo 200 yenye jina la bidhaa ni maswali 201. Weka select_related('bidhaa'), linabaki 1. Ripoti ya mwisho wa mwezi mimi niliiacha kwa SQL, kupitia connection.cursor(). Ilikuwa inafanya kazi na kila mtu anaielewa, sikuona sababu ya kuisumbua.

Kama mega za intaneti ni tabu dukani, fanya pip download mahali penye intaneti nzuri, beba faili kwa flashi, halafu pip install --no-index --find-links. Toleo la Python na mfumo wa mashine zote mbili viwe sawa, hasa kwa ajili ya mysqlclient, maktaba inayounganisha Python na MySQL.